Masharti Madogo Yanayoua Nyumba ya Uani

Mwaka 1982 bunge la jimbo la California lilipitisha sheria iliyoyataka majiji yake yawaachie wenye nyumba nafasi ya kujenga nyumba ya pili, ndogo, ndani ya kiwanja kile kile. Jiji lililotaka kukataa lilipaswa kueleza sababu zake kwa maandishi. Ukiisoma sheria ile leo utadhani shughuli iliishia pale. Wapi! Mwaka 2016, miaka 34 baadaye, jimbo zima lenye watu wapatao milioni 39 lilitoa vibali kama 1,300 tu vya nyumba za namna hiyo. Ndani ya miaka sita iliyofuata idadi ikapita 20,000 kwa mwaka. Watu walikuwa wale wale, viwanja vile vile, na bei ya mbao na saruji haikuwa imeshuka hata kidogo. Kilichobadilika ni masharti.

Sisi wa mipango miji tunapenda kubishana juu ya neno moja: inaruhusiwa au hairuhusiwi. Magazeti nayo hutufuata huko huko. Kwa nyumba ya uani, neno hilo halina uzito tunaolipa. Jiji linaweza kuandika ruksa kwenye ukurasa wa kwanza wa kanuni zake, kisha huko ndani likadai nafasi mbili za kuegesha gari, njia ya mita tatu, ada ya maelfu ya dola na mkutano wa majirani, na mwaka ukaisha asijenge mtu. Diwani atasema hajakataa chochote, na atakuwa anasema kweli. Ndiyo maana masharti madogo yanapendwa na wale wanaotaka mtaa wao ubaki ulivyo: yanafanya kazi ya katazo bila aibu ya katazo.

Nyumba ya uani si kitu kipya Marekani. Mitaa ya zamani ya Chicago ilipimwa viwanja vyembamba, futi 25 kwa 125, yaani mita 7.6 kwa 38, huku kichochoro kikipita nyuma. Mfanyakazi wa karne ya 19 alianza na kibanda cha mbao. Akipata pesa, alikisukuma kibanda mpaka nyuma ya kiwanja, akajenga mbele nyumba ya matofali, na kile kibanda akakipangisha kwa mhamiaji aliyeshuka juzi. Kodi ya nyuma ikalipa mkopo wa mbele. Vibanda kadhaa vya aina hiyo bado vimesimama, na wapangaji wamo.

Kilichokuja kuvuruga utaratibu huo ni ramani za matumizi ya ardhi. Mwaka 1916 jiji la Berkeley, California, lilitenga eneo ambalo ndani yake kiwanja kimoja ni nyumba moja ya familia moja, basi. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha amri ya jiji la Louisville iliyogawa mitaa kwa rangi ya watu. Lisilowezekana kwa rangi likawezekana kwa aina ya jengo: maskini na mgeni hawakutajwa, ila nyumba wanazozimudu zilipigwa marufuku. Mwaka 1926, katika kesi ya kijiji cha Euclid, Ohio, mahakama hiyo hiyo ikabariki mfumo mzima, na Jaji George Sutherland akafika mahali pa kuyafananisha majengo ya kupangisha na vimelea vinavyonyonya mtaa wa nyumba nzuri. Wasomaji wa Dar es Salaam wanaujua ujanja huo kwa jina lingine. Amri ya ujenzi ya Wajerumani ya mwaka 1891 iligawa mji kwa aina ya majengo, na aina ya jengo ikawa njia ya kuwapanga watu.

Chicago yenyewe ilifunga mlango mwaka 1957. Kanuni mpya zilizuia nyumba mpya za nyuma. Zilizokuwapo ziliachwa zizeeke.

Sasa twende Los Angeles, tuingie kwenye kiwanja kimoja cha kawaida cha miaka ya 1920. Upana ni futi 50, yaani mita 15, urefu mita arobaini na ushei. Mbele iko nyumba ya chini ya mbao iliyopigwa lipu, na kibaraza. Kando yake inapita njia nyembamba ya gari, na nyuma kabisa, karibu kugusa ua wa jirani, kuna banda la gari. Gari halijaingia humo miaka mingi, maana magari ya leo ni mapana kuliko ya wakati ule. Limejaa makorokoro. Mwenye nyumba anataka kuligeuza chumba, jiko dogo na bafu, apangishe, au amweke mama yake. Kuta zipo na paa lipo, na hakuna jirani atakayeona tofauti kutoka barabarani.

Chini ya kanuni za zamani, mtu huyu alikwama mara tatu. Kwanza, jiji lilidai njia ya watu kwa miguu kutoka barabarani hadi kwenye mlango wa nyumba ya pili, upana futi 10, isiyofunikwa na kitu chochote hadi mbinguni. Njia yake ya gari ina futi nane au tisa. Amekosa futi moja au mbili, na futi hizo zimekaliwa na ukuta wa sebule yake. Pili, banda likiwa chumba, nafasi ya gari imepotea, kwa hiyo ni lazima ajenge nyingine yenye paa mahali pengine kiwanjani, na juu ya hiyo aongeze ya mpangaji. Mahali penyewe hapapo. Tatu, banda liliruhusiwa kusimama karibu na mpaka kwa sababu ni banda. Likilaliwa na mtu linakuwa makazi, na makazi yanatakiwa kusogea ndani. Ukuta ubomolewe, ujengwe upya hatua chache mbele. Kufikia hapo ile akiba ya kuwa na kuta na paa imeyeyuka yote.

Aliyeelezwa haya kwenye dirisha la ofisi ya vibali alifanya moja kati ya mambo mawili. Aliondoka, au alirudi nyumbani akamwita fundi wake wikiendi. Mwaka 1987 gazeti la Los Angeles Times lilikadiria kwamba katika wilaya ya Los Angeles kulikuwa na mabanda ya gari 42,000 yaliyokuwa yakikaliwa na watu, jumla yao kama 200,000. Mji mzima umelala kwenye mabanda, bila kibali hata kimoja, bila dirisha la kutorokea moto ukiwaka. Kila mara nasikia ofisa akisema kwamba bila masharti makali watu watajenga ovyo, huwa naikumbuka takwimu hiyo. Masharti yalikuwapo, tena makali, na watu walijenga ovyo kwa sababu yake.

California ilijaribu kurekebisha kidogo kidogo. Sheria ya mwaka 2002 iliondoa mkutano wa hadhara: ofisa aangalie vipimo, kama vimetimia atoe kibali, asiulize majirani wanaonaje. Lilikuwa jambo kubwa, na majiji yakalijibu kwa werevu. Yaliongeza vipimo. Kiwanja kikatakiwa kiwe kikubwa kuliko viwanja vyote vya mtaa husika, na maegesho yakaongezwa. Ofisa aliangalia vipimo kama alivyoamriwa, akaona havijatimia, akakataa. Hapo jimbo lilijifunza, kwa kuchelewa, kwamba ukiiachia halmashauri sharti moja mkononi itapitisha humo yote uliyoiondolea.

Sheria za mwaka 2016, zilizosukumwa na seneta Bob Wieckowski na mbunge Richard Bloom, na zile za 2019 zilizoanza kutumika Januari 2020, ziliandikwa na watu waliokwisha kulijua somo hilo. Zinasomeka kama orodha ya hila zilizowahi kutumika, kila moja ikipigiwa mstari. Njia ya miguu isidaiwe. Banda likigeuzwa makazi, nafasi ya gari iliyopotea isidaiwe mahali pengine, na ukuta uliopo ubaki ulipo. Nyumba mpya ya nyuma iachiwe futi nne tu kutoka mpaka wa jirani, yaani mita 1.2. Na kuna kifungu kimoja ninachokiona kuwa moyo wa mageuzi yote: nyumba ya futi za mraba 800, kama mita za mraba 74, yenye urefu wa futi 16 kwenda juu, haiwezi kuzuiwa na kanuni yoyote ya jiji kuhusu ukubwa wa kiwanja au sehemu ya kiwanja inayoweza kujengwa. Jiji likitaka libuni masharti mpaka lichoke, hiyo moja itapita. Muda wa kujibu ombi, uliokuwa siku 120, ukashushwa hadi 60, na jiji likikaa kimya kupita hapo, ombi linahesabiwa limekubaliwa.

Kuhusu maegesho, jimbo liliorodhesha mahali ambapo jiji haliruhusiwi kudai nafasi ya gari hata moja. Mojawapo ni ndani ya nusu maili ya usafiri wa umma. Hilo lilitarajiwa. Lingine liliwashangaza wengi: ndani ya mtaa uliotambuliwa kuwa wa kihistoria. Ukiifikiria, ina mantiki. Mitaa ya zamani ilijengwa kabla ya gari. Kinachoharibu sura yake si kijumba kilichojificha nyuma, ni bustani ya mbele iliyomwagwa zege ili iegeshe magari mawili, na kidaraja cha ukingo wa barabara kilichovunjwa ili yapite. Sharti la maegesho lililotetewa kwa jina la mtaa ndilo lililokuwa likiula mtaa.

Na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu hoja ya urithi ndiyo hoja nzito kuliko zote wanazoleta wapinzani, na wengi wa wenzangu huipuuza. Mtaa wa kwanza kulindwa Los Angeles kwa utaratibu wa kanda za urithi ulikuwa Angelino Heights, mwaka 1983, wenye nyumba za mbao za mwishoni mwa karne ya 19, mabaraza ya nakshi na madirisha yaliyotokeza. Kamati ya mtaa hukagua mabadiliko. Mtu asiyejua thamani ya kazi ile ya seremala anaweza kuiondoa asubuhi moja na kuweka dirisha la plastiki. Nakubali kabisa kwamba jambo hilo lidhibitiwe.

Ila swali la urithi lina mipaka yake. Kinacholindwa ni kile kinachoonekana na mpita njia: uso wa nyumba, mteremko wa paa, ukubwa wa jengo kutoka barabarani. Kwa hayo sheria ya California inaliachia jiji nafasi ya kuweka vipimo, mradi viwe vinapimika. Paa la nyuma lifuate mteremko wa paa la mbele, hicho ni kipimo. Jengo lipatane na tabia ya mtaa, hicho si kipimo, ni mwaliko wa kubishana, na katika mabishano hayo hushinda mwenye muda na wakili. Seattle ilionja. Pendekezo lake la kulegeza kanuni lilipingwa mwaka 2016 na chama cha wakazi wa Queen Anne, mtaa wa zamani wenye nyumba za bei juu, na likapita mwaka 2019 tu, baada ya uchunguzi mrefu wa athari za mazingira. Miaka mitatu ilikwenda kwa vijumba vya uani.

Isitoshe, nyumba kongwe inakula pesa. Vigae vya paa, nyaya za umeme zilizozeeka, mbao za kibaraza zilizoliwa na mchwa, vyote hivyo vinamngoja mwenye nyumba aliyestaafu, ambaye utajiri wake wote ni ile nyumba na kipato chake ni pensheni. Kodi ya nyumba ya nyuma inaweza kuwa ndiyo inayolipa fundi wa nyumba ya mbele. Asipoipata, atauza, na anayenunua mara nyingi hataki kibaraza.

Tatizo la kweli la mitaa ya zamani liko chini ya ardhi, na huko kamati za urithi haziangalii. Bomba la majitaka la vigae vya udongo lililolazwa miaka mia iliyopita limepenywa na mizizi. Kisanduku cha umeme cha ampia 100 hakiwezi kubeba majiko mawili na viyoyozi viwili. Ofisa anayetaka kuwa mkali awe mkali hapo. Ni ajabu kwamba kwa miongo mingi tulijaza mafaili kwa mabishano ya magari na vivuli, na mambo yanayoweza kuua mtu tukayaachia fundi.

Kuhusu ada sina mengi. Portland, Oregon, ilisimamisha mwaka 2010 ada za miundombinu kwa nyumba za uani, ada zilizokuwa zikifikia maelfu ya dola kwa kijumba kimoja. Vibali vilivyokuwa makumi kwa mwaka vikawa mamia. California ilikuja kukataza ada za namna hiyo kwa nyumba zilizo chini ya futi za mraba 750. Hoja imekwisha.

Sharti la mwenye nyumba kuishi kiwanjani lina utata zaidi. Majiji mengi yalilidai: ukitaka kupangisha ya nyuma, wewe ukae ya mbele. Nia yake naielewa. Mwenye nyumba anayesikia kelele za mpangaji wake atamnyamazisha haraka kuliko kampuni iliyoko jimbo lingine, na sharti hilo linaweza kupunguza kasi ya walanguzi wanaonunua mtaa nyumba kwa nyumba. Lakini litazame kwa jicho la benki. Mkopaji akifa, akipewa uhamisho wa kazi, au ndoa ikivunjika, nyumba ya nyuma inakuwa haramu kupangishwa usiku mmoja. Benki ikichukua dhamana itakuwa imechukua kitu ambacho sheria haiiruhusu kukitumia. Basi haikopeshi, au inakopesha kana kwamba kijumba hakipo. Sharti lililokusudiwa kumbana mlanguzi, ambaye ana fedha taslimu, linambana mwalimu anayehitaji mkopo. California ililisimamisha mwaka 2020, na mwaka 2023 ikaliondoa moja kwa moja. Kwa maoni yangu ilifanya sawa, ingawa ingefaa iweke mkono mzito zaidi kwa wanaogeuza vijumba hivyo kuwa vyumba vya watalii.

Chicago ilipita njia nyingine, nami naiona njia mbaya. Desemba 2020 baraza la jiji lilikubali kufungua tena mlango uliofungwa 1957, lakini kwa majaribio, katika kanda tano kuanzia Mei 2021. Vyumba vya orofa ya chini na vya darini viliruhusiwa kwenye majengo yenye umri wa miaka 20 au zaidi, na nyumba za nyuma zikarudi, kila moja isizidi futi za mraba 700. Kufikia hapo ni vizuri. Kisha madiwani wakaanza kuongeza chumvi. Katika kanda tatu, za magharibi, kusini na kusini-mashariki, ambako wakazi wengi ni Weusi na Walatino na kipato ni cha chini, yaliwekwa masharti ambayo hayakuwekwa kaskazini: mwenye nyumba aishi hapo, na vibali visizidi viwili kwa mwaka kwa kila kitalu cha nyumba. Matokeo hayakuhitaji mtabiri. Vibali vingi vilitoka kaskazini. Mtaa uliohitaji zaidi kodi ya nyumba ya nyuma ndio uliowekewa vizuizi vingi zaidi vya kuipata.

Septemba 2025 baraza likapanua ruhusa kwa jiji zima, isipokuwa kwenye maeneo ya nyumba ya familia moja. Huko diwani wa kata ndiye atakayeamua kama kata yake iingie. Chicago ina kata 50. Kwa hiyo mwenye kiwanja upande huu wa barabara anajenga, na jirani yake wa ng'ambo, mwenye kiwanja cha vipimo vile vile na bomba lile lile la majitaka, anamngoja diwani. Mtetezi wa utaratibu huu atasema ni demokrasia ya karibu na wananchi. Wananchi gani? Anayepinga ana nyumba mtaani na kura mtaani. Anayetafuta chumba cha kupanga bado hajahamia, hana diwani wa kumpigia simu. Uamuzi wa makazi ukishushwa hadi ngazi ambayo mwenye shida hayupo, unakuwa umeshaamuliwa.

Tusiifanye California pepo. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliotolewa mwaka 2021, ulikuta gharama ya kati ya kijumba kimoja ni kama dola 150,000. Asiye na nyumba, sheria hizi hazimsaidii kujenga, na mwenye nyumba asiye na akiba naye anabaki kutazama. Jimbo lilitoa ruzuku ya hadi dola 40,000 kwa wenye kipato cha chini na cha kati, fedha zikaisha upesi. Kilichosaidia zaidi, tena kwa bei nafuu, ni ramani za mfano. Tangu Machi 2021 Los Angeles inazo ramani zilizokwisha kukaguliwa na jiji. Mwananchi anachagua moja, ofisa anaangalia jinsi inavyokaa kiwanjani tu. Tangu Januari 2025 kila jiji la California linatakiwa kuwa na utaratibu wa ramani za namna hiyo.

Mambo haya yanatuhusu kwa karibu. Nairobi ilipangwa na wakoloni kwa kanuni zilizotaka nyumba ya Mzungu iwe na chumba cha mtumishi nyuma. Mwafrika hakuruhusiwa kuishi Kilimani au Lavington, ila aliruhusiwa kulala uani kwa bwana wake. Chumba kile, ambacho kila mkazi wa Nairobi anakiita SQ, leo kinapangishwa kwa karani kijana au mwanafunzi. Kwa hiyo mitaa ya matajiri ilizaliwa na nyumba ya uani ndani ya ramani zake, na hakuna aliyewahi kusema inaharibu tabia ya mtaa.

Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, haikupewa heshima hiyo. Buruburu ya huko, iliyoanza kujengwa mwaka 1973 kwa michoro ya Mutiso Menezes na fedha zilizotoka kwa kiasi kikubwa Uingereza, ilikuwa mtaa wa familia za tabaka la kati, nyumba zimeshikana, ua mdogo mbele na nyuma. Ramani haikuwa na nafasi ya nyumba ya pili. Wenye nyumba waliijenga hata hivyo: kwanza duka ukutani, kisha vyumba viwili juu yake, kisha orofa nyingine na ngazi ya chuma inayoning'inia nje. Pita barabara yoyote ya mtaa ule uhesabu nyumba zilizobaki kama zilivyochorwa. Nyingi za nyongeza hizo hazikupitia ofisi yoyote. Na si kwa ukaidi. Mtu wa kawaida akitaka kuongeza vyumba viwili anatakiwa atafute mchoraji mwenye leseni, mtaalamu wa mipango, tangazo gazetini ikiwa matumizi yanabadilika, ada za kaunti, kisha asubiri. Kufuata sheria kunakaribia kugharimu kuta zenyewe. Sheria ya Kenya ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inasema, kama ya California, kwamba ombi lisilojibiwa ndani ya siku 60 lihesabiwe limekubaliwa. Kifungu kizuri, lakini kinamfaa tu aliyefanikiwa kupeleka ombi.

Dar es Salaam nayo ina uzoefu mrefu zaidi. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala au Magomeni, yenye ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande na uani wenye jiko, choo na stoo, ni jengo la kupangisha tangu msingi. Stoo ikageuka chumba, banda la kuku likageuka chumba, na mwenye nyumba akapata mpangaji anayelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Hao ndio wanaoubeba mji wenye watu zaidi ya milioni tano kwa sensa ya 2022. Wamarekani wametumia miaka arobaini kutunga sheria ya kurejesha kile ambacho bibi wa Magomeni hakuwahi kuacha kukifanya. Tofauti ni kwamba Los Angeles sasa mkaguzi anaingia kuangalia waya na bomba, na Magomeni hakuna anayeingia, kwa kuwa kwenye makaratasi chumba kile hakipo.

Kwa hiyo ombi langu kwa Kaunti ya Nairobi na kwa manispaa za Dar es Salaam ni dogo, na halihitaji sheria mpya bungeni. Pimeni viwanja vya aina tatu au nne vilivyozoeleka katika mitaa ya zamani. Kwa kila aina choreni nyumba ya uani inayokaa humo, ramani ziwekwe wazi bila malipo, na ada iwe ile ambayo mwenye nyumba anaweza kuilipa kwa kodi ya mwezi mmoja. Maegesho yafuteni kabisa: wapangaji hawa wanapanda matatu na daladala. Badala yake kagueni mambo manne kwa ukali usio na mjadala: msingi na nondo kama kuna orofa, ngazi, umeme, na mahali majitaka yanapokwenda. Wenye vyumba vilivyokwisha kujengwa wapewe miaka miwili ya kujiandikisha bila faini, wakaguliwe kwa hayo manne, na asiyetimiza apewe muda wa kurekebisha kabla ya kutajiwa tingatinga. Nairobi ilikwisha kujaribu kuhalalisha majengo yaliyojengwa bila idhini kwa sheria ya kaunti ya mwaka 2015, kwa hiyo ofisi inajua pa kuanzia. Waanze Buruburu, ambako kila nyumba imechorwa, kila kiwanja kina namba, na kazi ya kupima inaweza kukamilika mwaka huu wa fedha.